Sifa za Fundi Anayeosha Kwanza

Oili ikishatoka ndani ya injini haikai pale ilipotokea. Huteremka kwa uzito wake, hufuata ukingo wa chuma, hurushwa na upepo wa feni, hushikana na vumbi, kisha hukusanyika kwenye boliti iliyo chini kuliko zote, na ni hapo ndipo tone hudondoka. Mwenye chombo huona doa sakafuni, akainama, akaona ile boliti imelowa, akaamini kwamba chanzo amekipata. Mara nyingi amepata mwisho wa safari tu. Ninayetaka kumsifu ni fundi ambaye, akiletewa injini inayovuja, hashiki spana mpaka aangalie, aoshe, kisha aangalie tena. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia oili isivuje huwa imekwisha kabla boliti ya kwanza haijalegezwa, na kwamba ndiyo sehemu tunayoidharau na kuikwepa kuilipia.

Kigari cha gofu cha petroli kinaonyesha jambo hili vizuri, ingawa wengi hukiona chombo cha mzaha. Nyumbani kwake ni jimbo la Georgia, Marekani. Kampuni ya E-Z-GO ilianzia Augusta mwaka 1954, Club Car iko maeneo hayo hayo, na Yamaha huviunda vyake Newnan. Mjini Peachtree City, kusini mwa Atlanta, zipo zaidi ya kilomita 150 za njia zinazopitiwa na vigari hivi, na watu huendea navyo madukani, hata shuleni. Baadhi ya vigari vya zamani, kama Yamaha G1 iliyotoka mwaka 1978, vilikuwa na injini ya mipigo miwili, iliyounguza oili pamoja na petroli. Shida yake ilikuwa moshi. Injini ya mipigo minne ndiyo iliyoleta oili inayokaa chini ya krankshafti na kurudiwa kutumika, na pamoja nayo sili, gasketi na o-ringi za kuizuia isitoke. Club Car nyingi zimefungwa Kawasaki FE290, injini ya silinda moja yenye sentimita za ujazo 286. Fundi wa bodaboda hatapotea humo, maana sampu yake, yaani beseni la oili, hubeba takriban lita moja, kama ya pikipiki yake. Na hiyo lita moja ndiyo hoja yenyewe: gari lenye lita nne za oili likipoteza nusu lita linaweza kuendelea na safari, kigari kikipoteza nusu lita kimebaki na nusu ya oili yake yote.

Sasa tazama anavyofanya fundi ninayemsifu. Kwanza anasoma uchafu kabla ya kuuondoa. Tope la oili na vumbi lililokauka ubavuni mwa injini ni la siku nyingi. Utelezi mbichi juu yake ni wa jana. Oili iliyorushwa kwa duara kuzunguka klachi inayovuta mkanda humwelekeza kwenye sili ya krankshafti iliyo nyuma ya klachi hiyo. Oili iliyochuruzika kutoka juu, ikaungulia kwenye mapezi ya kupoza silinda, humwelekeza kwenye kifuniko cha valvu. Kwa injini yenye gavana ndani yake, unyevu uliojikusanya mahali mkono wa gavana unapotokeza ukutani una chanzo chake: pale pana kisili kidogo ambacho watu husahau kwamba kipo. Akishasoma hayo anaosha kwa brashi na sabuni ya kutolea grisi mpaka chuma kionekane, anakausha, anawasha, anaiacha injini ipate moto. Wengine hupuliza poda nyeupe juu ya chuma kikavu, na oili inapotoka huchora mstari wake wenyewe juu ya weupe ule. Hapo hakuna kubahatisha tena.

Lakini kujua inapotokea si kujua kwa nini inatoka, na hapa ndipo fundi hodari anapoachana na fundi wa kubadilisha vipuri. Pistoni inaposhuka husukuma hewa iliyo chini yake, na katika injini ya silinda moja hakuna pistoni nyingine inayopanda wakati huo huo ikaipunguzia shinikizo. Kwa hiyo injini hupewa tundu la kupumulia, lenye kijibati chembamba cha chuma kinachofunguka hewa inapotoka na kujifunga pistoni inapopanda. Bomba lake kwa kawaida huelekea kwenye chujio la hewa. Kijibati hicho kikivunjika au kikikwama, au bomba likiziba, shinikizo hubaki ndani na kutafuta mlango. Hutokea penye udhaifu, na penye udhaifu mara nyingi ni kwenye sili. Ringi za pistoni zikiisha huwa vivyo hivyo, kwa kuwa hewa ya moto hupenya hadi chini. Na kuna sababu isiyohitaji kipuri chochote: mtu ameona oili inapungua, akajaza kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, naye kwa wema wake akazidisha uvujaji. Kwa hiyo kabla ya kuagiza sili, fundi mwangalifu anachomoa kijiti, anafungua boksi la chujio la hewa kuona kama limelowa oili, anavua lile bomba na kulipuliza. Asipofanya hivyo, atafunga sili mpya iliyo nzima kabisa, na baada ya muda mfupi itavuja kama ile ya zamani. Mteja atasema sili zilikuwa feki. Pengine zilikuwa halisi.

Mtu anaweza kusema kwamba nakuza mambo, kwamba hayo yote yamo katika kitabu cha kampuni na kilichobaki ni kazi ya mikono. Kitabu kweli huorodhesha sababu zinazowezekana. Ila hakijui ni ipi kati ya hizo imetokea kwenye injini hii iliyo mezani. Tena hata hiyo kazi ya mikono isichukuliwe kijuujuu. Ili kuifikia sili ya krankshafti lazima klachi itoke, nayo imekaa kwenye ncha iliyochongoka ya shafti, imeshikana nayo barabara. Mwenye haraka huigonga kwa nyundo na kupinda sahani zake. Mwenye akili huingiza boliti maalumu ya kuvulia, ikasukuma ncha ya shafti mpaka klachi iachie yenyewe. Sili ya zamani huchokonolewa bila bisibisi kugusa shafti, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye ule uso unaong'aa unatosha kupitisha oili. Mpya hupakwa oili mdomoni, mdomo wake wenye springi ndogo ukielekea ndani ambako oili iko, kisha hugongwa polepole kwa bomba lenye upana sawa nayo ili isiingie upande. Na kama sili ya zamani imekwisha kukwangua mfereji kwenye shafti, fundi mzoefu, pale nafasi inaporuhusu, huikalisha mpya mbele au nyuma kidogo ili mdomo wake ukute chuma ambacho hakijaliwa. Ni tofauti ya milimita moja hivi, na sijui kipimo kingine kinachopambanua ufundi kwa ufupi kama huo.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Kuongeza oili kila baada ya siku chache ni rahisi kuliko kumlipa fundi. Au paka silikoni kwa nje, mambo yaishe. Wahenga walituhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini hawakutuambia tuuzibe mahali ambapo hapakupasuka. Silikoni iliyopakwa juu ya chuma chenye mafuta haishiki, na hata ikishika, shinikizo lililokosa kutoka hapo litatokea kwingine. Ile inayobanwa ndani kwa wingi ni mbaya zaidi, kwa kuwa vipande vyake hung'oka na kuelea katika oili. Oili ikifika kwenye mkanda, mkanda huteleza na kigari hushindwa mlima. Ikidondokea ekzosi ya moto, huwa moshi, na inaweza kuwa moto. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli wake, nami naukubali: kuna injini kuukuu ambayo hutoka jasho tu, utando wa unyevu usiofikia tone, na kuifumua kwa ajili hiyo ni kuharibu pesa. Fundi mzuri hukwambia iache, angalia kijiti kila wiki. Ila ni aliyeosha na kuangalia tu anayeweza kukwambia hivyo kwa uhakika. Mwingine akisema iache, ni uvivu.

Yapo pia madai kwamba mada yenyewe inakufa, kwa kuwa vigari vya umeme vinaenea na betri haina sampu. Sawa. Lakini hata hivyo vya umeme vina giaboksi ya nyuma yenye oili na sili zake, na vya petroli vilivyopo havitatoweka kesho, sembuse mamilioni ya injini za silinda moja zinazobeba watu na mizigo Afrika Mashariki.

Kinachoweza kuua ufundi huu mapema zaidi ni jinsi tunavyoulipia. Ankara huandika sili, gasketi, oili na ufundi wa kufungua na kufunga. Saa ya kuosha na kutazama haina mstari wake, na mteja aliyesimama mlangoni huiona kama fundi anapoteza muda. Fundi hujifunza haraka kwamba anayeanza kufungua ndiyo kwanza injini imefika huonekana hodari, naye akafuata inakoelekea njaa yake. Siku utakapopeleka injini inayovuja, usianze kwa kuuliza itagharimu kiasi gani. Muulize oili inatokea wapi na kwa nini. Akikujibu kwamba hajui mpaka aioshe, mwachie injini, na saa hiyo ya kuosha mlipe.