Sote ni Nani?

Tuchukue tangazo la serikali tulisome kama tunavyosoma hadithi fupi. Ni tangazo nambari 2356 la Gazeti Rasmi la Kenya, la tarehe 28 Februari 2017, kutoka kwa Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu. Ni fupi sana. Linapiga marufuku kutumia, kutengeneza na kuingiza nchini mifuko yote ya plastiki ya kubebea bidhaa za dukani na za nyumbani, kisha linaeleza mifuko yenyewe ni ipi: kuna yenye mikono na kuna isiyo na mikono. Basi. Wahusika wa hadithi ni hao wawili. Binadamu hayumo.

Miezi 6 baadaye, tarehe 28 Agosti, marufuku ikaanza. Adhabu yake ilitoka kwenye sheria ya mazingira: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Dunia ikapiga makofi. Gigiri, kwenye makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kulikuwa na shangwe. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba Kenya imepitisha sheria kali kuliko zote duniani kuhusu mifuko ya plastiki, na yaliandika kwa sauti ya mtu anayemsifia mtoto wa jirani.

Nami sitasema juala lilikuwa na faida ya kuliliwa. Lilikuwa limetushinda. Lilikuwa kwenye mitaro, kwenye miti ya michongoma, kwenye matumbo ya ng'ombe. Serikali ilijaribu mwaka 2007 na tena mwaka 2011 kuondoa yale mepesi tu, na hakuna kilichobadilika. Kwa hivyo nia ilikuwa njema, na leo ukipita kando ya barabara nyingi unaona tofauti. Hilo tusibishane.

Ninachotaka kubishana nacho ni neno moja ambalo halimo kwenye tangazo lakini lilisikika kila mahali lilipotetewa: sote. Sote tunafaidika na mazingira safi. Sote tubadilishe tabia. Ni neno tamu kwenye ulimi wa watu ninaowaita waliberali, na wengi wao ni marafiki zangu: wasee wa haki za binadamu, wa mazingira, wa usawa, waliosoma vizuri na wanaojali kweli. Hawa si watu wabaya. Ila wana mazoea ya kuangalia sheria kutoka upande wa matokeo yake ya mwisho, mto ukiwa safi na samaki wakiogelea, na kusahau kuuliza ni nani atakayelipa kati ya leo na siku hiyo.

Mfano ni mkate. Baada ya marufuku, NEMA ilieleza kwamba plastiki inayofungia bidhaa moja kwa moja pale kiwandani haikuguswa. Mkate ukabaki ndani ya plastiki yake. Maziwa yakabaki kwenye pakiti yake laini. Biskuti, krisps, sabuni ya unga, hivyo hivyo. Lakini mama mboga anayekukatia sukuma jioni, ukitoka kazini huna nguvu hata ya kushika kisu, yeye alikuwa akikutilia kwenye juala jembamba lisilo na mikono. Huyo ndiye akawa mhalifu. Nyanya zilizofungwa na kampuni ni bidhaa; nyanya zilizofungwa na Mama Njeri ni kosa la jinai. Plastiki ni ile ile na dampo ni lile lile.

Sasa piga hesabu. Tuseme siku njema inamwachia mama huyo faida ya shilingi 500. Faini ya chini kabisa, milioni 2, ni faida ya siku 4,000. Hiyo ni karibu miaka 11 ya kuuza mboga kila siku, Krismasi ikiwemo, bila kula, bila kulipa nyumba, bila mtoto kuugua. Kiwanda kikitozwa milioni 2, mhasibu anatafuta safu ya kuiandika. Faini iliyo sawa kwa watu wasio sawa ina jina lake kwa Kiswahili, na si haki.

Mtu ataniambia hakuna jaji anayemfunga mama mboga miaka 4. Labda. Lakini yeyote aliyeishi Nairobi anajua sheria kali hufanya kazi gani mtaani. Haiendi kortini. Inatembea na askari, inasimama mbele ya meza ya nyanya, na inapunguzwa bei hapo hapo. Kadiri faini ilivyo kubwa kwenye karatasi, ndivyo "chai" inavyopanda. Mliberali aliyeandika milioni 4 alidhani anaonyesha jinsi anavyoyapenda mazingira. Alichofanya ni kumpa kanjo fimbo ndefu zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa semina huliona aibu kulitaja. Kibera na mitaa mingine kama hiyo, juala lilikuwa pia choo. Usiku, choo cha plot kiko mbali, kinalipiwa, na njia yake ni hatari hasa kwa mwanamke. Basi unajisaidia ndani ya mfuko, unafunga, unarusha. Ni aibu, ndiyo, lakini aibu ni ya nani? Marufuku iliondoa mfuko. Haikuleta choo. Ukisoma tangazo lile mara 10 hutaona dalili kwamba aliyeliandika aliwahi kufikiria mfuko unaweza kuwa na kazi nyingine zaidi ya kubebea manunuzi. Kwake mfuko unatoka supermaketi na kuingia kwenye buti la gari.

Huu si ugonjwa wa Kenya peke yake. Mwaka 2012, Meya Michael Bloomberg wa New York, mmoja wa mabilionea wa mji huo, aliamua watu wa mji wake wanakunywa soda nyingi mno. Bodi ya afya ikapitisha kwamba mikahawa isiuze vinywaji vyenye sukari kwenye kikombe kinachozidi aunsi 16, yaani karibu nusu lita. Nia njema tena: kisukari si mchezo. Lakini vinywaji vyenye maziwa mengi viliachwa, kwa hivyo ile kahawa kubwa yenye krimu na sukari ya kutosha kumtetemesha farasi ilikuwa salama. Miongoni mwa waliopinga kortini ni tawi la New York la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, likisema wafanyabiashara wadogo wa jamii zao ndio wangeumia. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaamua kwamba bodi ilijipa mamlaka isiyokuwa nayo.

Ufaransa ilikuwa hatari zaidi. Novemba 2018 watu walivaa vizibao vya manjano na kuziba barabara kwa sababu serikali ya Emmanuel Macron ilipanga kuongeza kodi ya mafuta kwa ajili ya hali ya hewa. Anayeishi katikati ya Paris ana treni chini ya miguu yake. Anayeishi kijijini ana gari kuukuu la dizeli, na bila hilo hana kazi. Waandamanaji walikuwa na msemo ambao ukiuweka kwa Kiswahili unakaa kama ulizaliwa Kayole: wakubwa wanazungumza mwisho wa dunia, sisi tunazungumza mwisho wa mwezi. Kabla Desemba haijafika katikati, nyongeza ile ilikuwa imefutwa.

Kuna watu watakaosoma haya na kushangilia kwa sababu mbaya. Watasema, unaona, sheria zote ni uonevu, serikali iondoke kwenye maisha yetu. Hapana, ndugu yangu. Mwenye kiwanda anayemwaga uchafu mtoni naye huimba wimbo huo huo wa uhuru. Na tunao mfano wa karibu wa kanuni kali iliyokubalika. John Michuki hakuwa mliberali hata kidogo, lakini kanuni zake za matatu za mwaka 2004, mikanda, vidhibiti mwendo, abiria 14 na si 20, ziliuma kwa wiki kadhaa, nauli ikapanda, watu wakatembea kwa miguu. Tofauti ni kwamba aliyelipa nauli ya juu ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti, hai, mkanda kiunoni. Maumivu na faida vilipanda gari moja.

Turudi kwa sote, maana neno lenyewe halikuzeeka vizuri. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na ushuru wa mazingira. Jina zuri, jina la Gigiri kabisa. Ndani yake kulikuwa na nepi, simu, tairi, na mjadala mkali kuhusu taulo za hedhi. Tarehe 18 Juni serikali ikasema bidhaa zinazotengenezwa nchini zimetolewa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tarehe 25 vijana walikuwa bungeni, wengine walikuwa wamekufa nje yake, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi mswada mzima.

Manze, barabarani siku zile walikuwepo hata wale wale waliosherehekea mwaka 2017. Niliwasikia wakiuliza, kwa hasira ya haki, ni nani alikaa chini akaona nepi ya mtoto ndiyo njia ya kuokoa mazingira, na kwa nini hakuuliza mama yeyote. Swali zuri sana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu kanuni ndogo inalitaka: kanuni inayogharimu watu itanguliwe na mashauriano, na na maandishi ya kueleza gharama hiyo itamwangukia nani. Mama mboga naye angeulizwa swali hilo hilo kabla ya Agosti 2017, pale pale kwenye meza yake, angejibu bila semina: nipe kitu cha kutilia sukuma kwanza, kisha uchukue hili.