Treni Ipi Ingoje? Hesabu ya Reli ya Njia Moja

Mpango wa kuitoa reli ya kisasa ya Kenya, SGR, Naivasha hadi Kisumu unaipitisha Narok, Bomet na Nyamira. Mkazi wa Kisii au Nyamira atauliza kwanza stesheni itajengwa wapi. Mpanga ratiba huuliza treni zitapishana wapi.

SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni ya njia moja. Treni mbili zikielekeana, moja huingia njia ya pembeni na kungoja. Kila makutano yana majibu mawili, kwa hiyo makutano 20 yana mipangilio zaidi ya milioni moja. Kuikagua yote kila treni inapochelewa haiwezekani, ndipo zinapotumika mbinu za hiuristiki: kanuni za kupata jibu zuri upesi, hata kama si bora kuliko yote.

Tuchukue mfano. Stesheni A, B na C zimeachana kilomita 40, na kila moja ina njia moja ya pembeni. Treni ya mizigo, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, inafika B saa 4:00 ikielekea C. Ya abiria, mwendo wa 120, inafika C saa 4:10 ikielekea A. Treni ya pili ya mizigo, tuiite mzigo wa pili, iko nyuma ya ya kwanza kwa dakika 15. Kila dakika ya kungoja ya mzigo tuihesabu alama moja, ya abiria alama mbili.

Kanuni ya pupa hutazama makutano ya kwanza tu. Mzigo ukitangulia, abiria wanangoja dakika 20, yaani alama 40. Abiria wakitangulia, mzigo unangoja 30. Basi abiria wapite! Lakini mzigo wa kwanza umeshajaza njia ya pembeni ya B. Wa pili ukiingia hapo, treni zote tatu zinakwama. Inabidi ungoje A mpaka abiria wafike hapo saa 4:50, umechelewa dakika 65. Jumla ni 95.

Utafutaji wa jirani hugeuza uamuzi mmoja, kisha hupiga hesabu upya. Mzigo wa kwanza ukitangulia, abiria wanalipa 40, na wa pili unangoja B dakika 35. Jumla ni 75. Mwaka 1997 watafiti Higgins, Kozan na Ferreira walilinganisha utafutaji huo na mbinu nyingine za reli ya njia moja, ikiwemo iitwayo “tabu search”, inayokataza kwa muda kurudia hatua iliyokwisha kufanywa ili hesabu isizunguke palepale.

Sasa ongeza njia ya pili ya pembeni pale B. Abiria wanapita bila kungoja, na kila mzigo unachelewa dakika 30, wa pili ukibaki dakika 15 nyuma ya wa kwanza. Jumla inashuka hadi 60, na ile kanuni ya pupa inageuka kuwa sahihi. Programu ya kupanga ratiba huchagua ndani ya nafasi ambayo reli imeiacha. Kwa hiyo mchoro wa kipande cha Nyamira ujaribiwe kwa ratiba kabla ya tuta kujengwa. Pengo la njia ya kupishania iliyosahaulika halizibwi na kompyuta yoyote.