Dawa ya Meno ni ya Meno

Video mmeiona. Tangu Jumapili imepita kwenye magrupu ya familia, ya vikoba na ya wazazi wa shule, na kila aliyenitumia aliandika neno lilelile: "Poleni." Tumepoa, asanteni. Mtoto anaendelea vizuri. Mimi ndiye yule mzee wa msuli wa bluu anayeingia kwa kushoto dakika ya nne, akirusha mikono kama kocha aliyenyimwa penalti. Nilikuwa nasema "maji, maji". Hakuna aliyesikiliza uani, basi nayasema hapa.

Matokeo mnayajua, kwa hiyo sina sababu ya kuficha hukumu: mechi ile ilipotea sekunde ya 19. Yaliyofuata yote, tyubu ya dawa ya meno, ile kapsuli, bodaboda mbili badala ya moja, yalikuwa ni kukusanya mabao tu.

Turudishe nyuma. Binamu mtu anamrekodi mtoto wa miaka miwili akicheza singeli. Pembeni kuna meza ndogo, kitambaa kimening'inia hadi magotini, na juu yake kikombe cha chai kilichotoka kumiminwa. (Vitambaa vya meza kwenye nyumba yenye mtoto anayejifunza kusimama nimevipiga vita kwenye safu hii hadi mhariri amechoka. Sitarudia. Ila mmeona.) Mtoto anavuta, chai inamshukia mkono wa kulia na kifuani. Mama anamnyakua na kumvua fulana kwa sekunde zisizozidi tano. Safi sana, nguo iliyolowa chai huendelea kuunguza. Tusonge.

Sasa angalieni miguu ya mama, msiangalie uso. Sekunde ya 15 anageuka kulia. Anapiga hatua mbili. Anaelekea bombani! Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemwambia. Mwili wake wenyewe ulijua. Bomba lipo hatua nne kutoka pale, zimebaki mbili. Ndipo inasikika ile sauti kutoka mlangoni: "Usimtie maji! Atatoka malengelenge!" Sekunde ya 19 mama anasimama. Anageuka. Anarudi kukaa kwenye mkeka na mtoto wake anayelia.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kutazama bao lolote la Simba na Yanga, na kila mara namwambia yule mama, endelea, zimebaki hatua mbili.

Mwenye sauti ni shangazi mtu. Hakuwa na nia mbaya. Anampenda yule mtoto kuliko sisi sote. Lakini uamuzi ule ulikuwa mbovu, na upendo haubadilishi matokeo. Imani ya kwamba maji huleta malengelenge imeshika nchi nzima, Tanga hadi Kigoma, na ukiichunguza utaona ilikozaliwa. Mtu anaungua, anamwagiwa maji, baada ya muda lengelenge linainuka. Basi maji yanakamatwa kwa kuwa yamekutwa eneo la tukio. Ukweli ni kwamba lengelenge limeletwa na joto. Majimaji yaliyomo ni ya mwili wenyewe, yamevuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyoumizwa na kujaa chini ya ngozi ya juu. Usingemwaga hata tone, lingetoka vilevile. Pengine kubwa zaidi.

Na hapa ndipo penye ufundi ambao wengi wanaukosa. Chai ikiondoka, kuungua hakujaisha. Joto limeshaingia ndani ya ngozi na linaendelea kushuka chini, tabaka baada ya tabaka. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzi 60, ambayo mtu mzima angeyavumilia sekunde kadhaa kabla ya kuungua vibaya, kwa mtoto yanahitaji kama sekunde moja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Chai nayo haizoleki, lakini joto lake huzoleka, na cha kulizolea ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili. Yanapunguza kina cha jeraha, uvimbe na maumivu. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu tangu kuungua bado yana faida.

Dakika 20 si "kumnawisha kidogo". Najua mtaniambia habari za mgao wa maji. Haya, tupige hesabu: ukimimina kwa jagi lita mbili kila dakika, ndoo mbili za lita 20 zinatosha. Unamkalisha mapajani, mkono juu ya beseni, unamimina taratibu, na sehemu ya mwili isiyoungua unaifunika khanga asipate baridi, maana mtoto mdogo hupoa upesi. Maji yawe ya kawaida. Barafu hapana. Yule kijana aliyependekeza barafu ya muuza juisi, dakika ya pili ya video, alikuwa karibu na jibu lakini bado nje ya goli: barafu huminya mishipa ya damu na inaweza kuijeruhi zaidi ngozi iliyokwisha kujeruhiwa.

Badala ya hayo tulipata sekunde ya 40: tyubu. Mnaliona tabasamu la ushindi la shangazi pale mtoto anaponyamaza kidogo? Hiyo ndiyo hila ya dawa ya meno. Ile minti yake inaidanganya ngozi ihisi ubaridi, huku joto likiwa palepale chini, sasa limefunikwa na blanketi jeupe. Nusu dakika baadaye mtoto anaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi. Kisha ule ute unakauka, na huko mbele kuna muuguzi atakayelazimika kuubandua kutoka kwenye ngozi iliyochubuka ndipo aone jeraha lina kina gani. Dawa ya meno, samli, ute wa yai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia: orodha hii naijua kama ninavyojua majina ya wajukuu zangu, na hakuna hata kimoja kinachoondoa joto.

Nilipofika dakika ya nne kidonda kilishapakwa hadi kwapani. Nikasema kioshwe, awekwe bombani. Shangazi akanijibu, nanyi mmesikia: "Mzee wangu, kazi yako kuandika. Haya tuachie sisi tuliozaa." Uani kote kicheko. Nikanyamaza. Nami nalaumika hapo. Ningembeba mtoto mwenyewe, wanicheke baadaye.

Nimekulia Muheza. Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, mama mnene wa sauti nzito, tuliyemwogopa kuliko mwalimu mkuu. Mtoto aliyeungua uji akiletwa kwake, hakuuliza jina wala kadi. Alimshika mkono, akamwingiza kwenye karai la maji na kumwimbia, na maji yakipata uvuguvugu aliyabadilisha. Dakika 20 hakuzijua. Alijua maji hadi mtoto aache kulia. Kizazi chake ndicho kilichoendesha vikundi vya redio vya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wakikaa chini ya mwembe, redio katikati, wakisikiliza kisha wakiulizana. Kampeni ile ilihusu malaria, kichocho, minyoo na kadhalika, haikuhusu kuungua. Lakini ilizoesha watu swali la "kwa nini?" Leo tuna simu nane kwenye ua mmoja, na hakuna aliyemuuliza shangazi kwa nini maji yalete malengelenge. Binamu mtu naye ana mikono miwili, na yote miwili ilikuwa imeshika simu. Moja ingeshika jagi.

Mkondo wa pili, uliochezwa baada ya video kuisha, hamkuuona; nitawasimulia. Wakiwa njiani kwenda zahanati walisimama kwanza duka la dawa. Nimegombana na maduka haya miaka mingi, na nitaendelea. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili mwananchi aliye mbali na famasi apate dawa sahihi kutoka kwa mtu aliyepewa mafunzo. Wazo zuri. Sasa muuzaji wa Jumapili ile, baada ya kutazama mara moja, akafungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyizia unga wake juu ya dawa ya meno! Kapsuli ya antibiotiki imetengenezwa imezwe. Ukiinyunyiza kidondani unatengeneza gaga tu na kuwafundisha bakteria kuizoea. Bodaboda ilishaondoka, wakangoja nyingine.

Zahanati walifanya kazi yao: waliosha, wakampima uzito, kilo 12, wakampa paracetamol miligramu 180, yaani 15 kwa kila kilo, wakakagua chanjo kwenye kadi ya kliniki, wakafunga kwa gozi safi na kuandika rufaa ya hospitali. Hakuna cha kuchambua.

Ila nawasikia mkiuliza kama rufaa ilihitajika kweli kwa "kachai tu". Ilihitajika, na jaji wake ni kiganja. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia moja ya ngozi yake. Nilihesabu viganja vitano kwenye mkono na kifua. Mtoto akifikia kumi huhesabiwa kuwa ameungua vibaya, na anahitaji maji ya mshipani. Lakini hata kabla ya kumi, lengelenge linalozidi kiganja chake linampeleka kwa mtaalamu. Vilevile kuungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, kwenye kiungo au kuzunguka mkono mzima. Ngozi iliyogeuka nyeupe na isiyouma, ambayo wengi huipuuza kwa kuwa mtoto hailalamikii, kumbe ndiyo iliyoungua kwa kina zaidi. Na mtoto yeyote asiyetimiza mwaka. Hapo hakuna mjadala wa uani. Malengelenge msiyapasue. Aspirini msimpe mtoto. Na muwahi, maana kwa sera yetu aliye chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya umma, ingawa najua mara ngapi "bure" huambatana na karatasi ya kununua bandeji nje.

Lakini nisiwapotezee muda na hospitali, kwa kuwa mechi haikuchezwa huko. Daktari aliyempokea ana gozi, ana dawa ya maumivu, ana chumba cha upasuaji. Zile dakika 20 za mwanzo hana, na hawezi kuzirudisha. Zilikuwa za mama na zile hatua zake mbili.

Shangazi, najua unasoma, kwa kuwa gazeti hili huwa nakuachia wewe ufungie vitumbua. Sikusemi kwa ubaya. Fungua tena ile video, fumba macho usimtazame mtoto, sikiliza tu. Nyuma ya kilio, nyuma ya kelele zetu zote, kuna mlio unaoanza sekunde ya kwanza na kwenda hadi mwisho. Ni ndoo ya mpangaji wa chumba cha tatu, imejaa, inafurika. Siku ile bomba lilikuwa linatoka.