"Muhuri wa Muda": Istilahi Inayopotosha

Katika tafsiri za programu za kompyuta, alama inayoonyesha faili lilihifadhiwa lini huitwa mara nyingi "muhuri wa muda". Istilahi hiyo hatuikubali, kwa sababu mbili. Kwanza, muda hupimwa kuanzia hapa hadi pale, ilhali faili hubeba nukta moja tu ya wakati. Pili, ofisini muhuri ni ushahidi wa mwenye mamlaka. Alama hii hutegemea saa ya kompyuta, nayo yaweza kukosea.

Tuchukue mfano wa Songea. Mkoa wa Ruvuma umepakana na Msumbiji, ambayo saa yake imeitangulia saa ya ulimwengu kwa saa 2, na yetu kwa saa 3. Tuseme karani akuta kompyuta imepangiwa ukanda wa Msumbiji, nayo yaonyesha 9:00 hali ni saa nne asubuhi. Akiisogeza hadi 10:00 bila kubadili ukanda, kioo kitasema kweli, lakini hesabu ya ndani, iwekwayo kwa saa ya ulimwengu, itakuwa 8:00 badala ya 7:00. Faili lake likifika Dar es Salaam kwa mtandao litasomeka 11:00. Basi programu ya kulinganisha nakala yaweza kulidhania jipya kuliko masahihisho yaliyofanywa huko saa nne na nusu, na kuyafuta.

Kosa hilo hulelewa na maelekezo yasemayo "rekebisha saa" tu. Neno saa kwetu ni chombo, ni kipimo, tena ni jina la wakati. Isitoshe, 10:00 ya kompyuta ndiyo saa nne yetu. Hata "saa za eneo" haimwambii karani kama abadili mahali au asogeze mishale.

Yapo maoni kwamba "muhuri wa muda" umekwisha kuzoeleka. Mazoea ni hoja nzito, lakini hayatoshi pale neno linapompa mtumishi imani isiyostahili na kumpotezea kazi yake.

Kwa hiyo twapendekeza "alama ya wakati" kwa ile iliyo kwenye faili, "ukanda wa saa" kwa mahali, na "saa ya ulimwengu" kwa kipimo cha wote. Nayo maelekezo yaandikwe hivi: chagua kwanza ukanda wa saa, kisha weka saa.