Transista Moja kwa Gitaa la Ukambani

Katika rekodi za Kilimambogo Brothers, bendi ya marehemu Kakai Kilonzo aliyefariki mwaka 1987, mapengo yana kazi sawa na nota. Gitaa la solo linadonoa nota fupi fupi, la pili linajibu palipoachwa wazi, besi inapita chini bila kumkanyaga yeyote. Maneno yakiisha, magitaa yanachukua uwanja na kasi inapanda. Hiyo ndiyo fani ya benga ya Kikamba. Kijana wa Kangundo, huko Ukambani, anayejitengenezea pedali ya ukwaruzo hana budi kuisoma kwanza fani hiyo, kisha ndipo awashe chuma cha kulehemu.

Ndani ya pedali hiyo, transista hukwaruza kwa kukosa nafasi. Betri ni ya volti 9. Kolekta, mguu wa transista unaotoa sauti, ikitulizwa kwenye 4.5, wimbi lina mahali pa kupanda na kushuka. Likizidi, kichwa kinagonga dari na miguu inagonga sakafu, vyote vinakatwa. Ukataji wa pande zote sawa huongeza harmoniki za namba witiri, zenye makali. Kolekta ikisogezwa kando kidogo, upande mmoja hukatwa kwanza na zile za namba shufwa zinaingia, oktavu ikitangulia. Mimi napenda hizi za pili: zinanenepesha nota bila kuibadilisha sura.

Shida kubwa iko kwenye nota mbili zinazopigwa pamoja, mtindo ambao solo za Ukambani zinaupenda mno. Chukua A ya mitetemo 220 kwa sekunde na C kali ya 277. Transista iliyozidiwa huzaa sauti ambayo hakuna aliyeipiga: tofauti yao, 57. Uzi wa A wa besi, ukiwa wazi, hutetema mara 55. Sauti hizo mbili zinagombana mara mbili kila sekunde, na chini panajaa matope. Juu ya hayo, ukataji huyabana mawimbi makubwa, hivyo mkia wa nota unasikika karibu sawa na mwanzo wake. Lile pengo la gitaa la pili limezibwa.

Ndiyo maana sishauri kunakili Fuzz Face, pedali ya London ya mwaka 1966 yenye transista mbili. Inampendeza mpiga gitaa aliye peke yake mbele ya besi na ngoma. Hapa transista moja, BC547 kwa mfano, inatosha: rizista ya kiloomu 10 kwenye kolekta, kiloomu 1 kwenye emita, bila kapasita ya kuipita hiyo ya emita. Sauti inakuzwa karibu mara kumi tu. Nota ya volti 0.1 inatoka safi. Uzi ukipigwa kwa nguvu hadi 0.5 unadai volti 5, na nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo ubeti unabaki safi, na ukwaruzo unakuja pale magitaa yanapochukua uwanja, kwa nguvu ya kidole badala ya swichi. Kapasita ya kutokea iwe nanofaradi 10, na kirekebishi cha sauti kiwe kiloomu 100, ili ile 57 ipunguzwe kabla ya kufika kwenye amplifaya.

Ukimaliza kuijenga, usiihukumu ukiwa peke yako chumbani. Mwite mpiga besi na mwenye gitaa la pili, kisha uwaulize wao kama bado wana mahali pa kuingia.