Mshono wa Tatu

Kuna fundi bati mmoja Majengo, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye hupapasa bati kwa kidole gumba kabla hajashika nyundo. Juzi nilimkuta akipinda ukingo wa karai. Nikamuuliza swali lililonikaa siku nyingi: zile pembe za ndovu za alumini za Mapembeni, hapa Mombasa, yeye angeziunda vipi?

Akacheka. "Bati halipindiki njia mbili kwa pamoja, mwanangu. Ukililazimisha linafanya makunyanzi."

Basi zitazame pembe hizo. Zimejiviringa kama mwanzi, zimejipinda kama upinde, na papo hapo zinakonda kwenda nchani. Simama upande wa Bustani ya Uhuru jua likishapinduka, uone vipande vya alumini vilivyofuatana juu kwa juu, kila kimoja chembamba kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho jicho halikioni ila mkasi ulikijua. Makunyanzi sikuyaona.

Watu hubishana kama ile M inayofanywa na pembe nne ni ya Mombasa. Wengine husimulia habari za bintimfalme. Ni kweli za mwanzo ziliwekwa 1952 kwa ajili ya Elizabeth wa Uingereza, aliyengojewa na meli ya Gothic hapa Kilindini. Lakini tarehe 6 Februari babaye, Mfalme George wa Sita, alifariki, Elizabeth akiwa bado bara. Akapanda ndege kurudi kwao. Mgeni hakupita chini ya pembe zake. Hata hivyo jina lake linatajwa mpaka leo, na la aliyekata alumini sijalisikia kwa yeyote, hata kwa waongoza watalii wanaojua kila kitu.

Siku hizi wapita njia husimama hapo kujipiga picha. Ili pembe ziingie kwenye simu, huzipa mgongo.

Wateja wa mzee nao wamehamia kwenye plastiki. Siku ile hakuwa na haraka. Aliokota mabaki ya bati, akakata vipande sita vya kabari, akaviunganisha kwa pindo, akigonga kidogo, akigeuza, akigonga. Kabla ya adhuhuri kuadhiniwa alikuwa na pembe ya urefu wa dhiraa, imepinda vizuri, imesimama yenyewe mezani.

Nikampa hongera. Aliigeuza, akaweka ukucha kwenye mshono wa tatu kutoka chini.

"Hapa nimekosea," akasema.

Niliinama hadi pua ikakaribia bati. Sikuona kitu.