Kinachopita na Kinachongoja

Katika kazi ambazo watu hunufaika nazo kila siku bila ya kumjua mtendaji wake, sioni iliyo na haki ya kusifiwa kuliko kazi ya yule anayekaa kuangalia mwendo wa data katika swichi za maghala ya diski; kwani mfanyabiashara wa Kindu, huku kwetu Maniema nchini Kongo, anapotuma fedha kwa simu kumlipa mwenye mpunga wa Lokandu, na mwenye mpunga akapata ujumbe kwamba haki yake imefika, wote wawili huamini kuwa mambo yamekwisha baina yao na mnara wa simu, hali ya kuwa malipo hayo hayawi malipo mpaka yaandikwe mahali pasipofutika. Nayo huandikwa mbali na macho yao, katika diski ambazo aghalabu hazimo ndani ya kompyuta zinazozitumia, bali zimekusanywa katika makabati yake zenyewe na kuunganishwa na kompyuta hizo kwa nyuzi nyembamba za kioo, na nyuzi zote hukutana katika swichi.

Swichi hiyo ni sanduku lenye milango mingi, na kila mlango una uzi wake, huu ukielekea kwenye kompyuta na ule kwenye diski. Katika utaratibu uitwao Faiba Chaneli, uliokubaliwa kuwa kanuni rasmi huko Marekani mwaka 1994, data hukatwa vipande viitwavyo fremu, na hapana fremu ibebayo zaidi ya baiti 2,112 za mzigo. Lakini wingi wake ni mkubwa, maana mlango mmoja wa gigabiti 16 huweza kupitisha takriban megabaiti 1,600 kwa kila sekunde. Na jambo linaloutukuza utaratibu huu machoni pangu ni adabu yake. Pande mbili zinapounganishwa, kila upande humwarifu mwenzake idadi ya nafasi ulizo nazo za kupokelea. Kila fremu ikitumwa, idadi ile hupungua moja, na kila mpokeaji akiitoa fremu katika nafasi yake, hurudisha idhini, na idadi ikapanda moja. Ikifika sifuri, mtumaji husimama, hata akiwa na haraka ya namna gani, wala hatupi mzigo wake juu ya mtu asiye na pa kuuweka.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji ufafanuzi mrefu wa kanuni hiyo, kwa kuwa nchi yetu imeishi chini yake zaidi ya miaka mia moja. Mto Lualaba haupitiki wote kwa meli: juu ya Kisangani yako maporomoko, na kwa hiyo ikajengwa reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906; kutoka Ubundu mpaka Kindu, mwendo wa takriban kilomita 300, mzigo huchukuliwa kwa maji, na kutoka Kindu kwenda Kongolo hurudi tena juu ya reli. Baadaye, reli ya kutoka Kabalo, mji wa mtoni juu ya Kongolo, ilipofika ziwani Tanganyika mwaka 1915, na ile ya kutoka Dar es Salaam ikiwa imekwisha kufika Kigoma tangu 1914, shehena ya Lualaba iliweza kwenda hadi Bahari ya Hindi kwa kupokezana vyombo. Lokandu, mji ulioitwa zamani Riba Riba, umo katikati ya kile kipande cha maji. Basi na tufikiri: mabehewa yasipokuja Ubundu, bohari la Ubundu hujaa; bohari likijaa, meli husimama gatini na mzigo wake bila ya kuweza kuushusha, na meli ikisimama, mtu wa Lokandu aliyekwisha kufunga magunia yake na kuyateremsha ukingoni huungoja mto ulio mtupu. Hana kosa lolote, wala hamjui aliye na kosa, na macho yake yakimwonyesha maji matupu, huenda akasema kwamba biashara imelala, kumbe biashara imezuiwa.

Hivyo ndivyo hasa yatokeavyo katika swichi. Kompyuta moja iliyo nzito kupokea, kwa uchakavu wake au kwa kuelemewa na kazi, huchelewa kurudisha idhini; fremu zilizokusudiwa kwake hubaki ndani ya swichi zikizishika nafasi; nafasi zikiisha, swichi ya pili inayoleta mzigo kwa ile ya kwanza husimama pia; na katika uzi ule mmoja unaoziunganisha swichi mbili, fremu za watu wengine wasiohusika kabisa na yule mzito hungoja nyuma ya fremu zake. Fremu ikikaa ndani ya swichi takriban nusu sekunde bila ya kupata njia, hutupwa, na aliyeituma hana budi kuituma upya. Wakati huo, mtu akitazama kiasi kinachopita katika uzi ule, ataona ni kidogo, na asiye na maarifa atahukumu kwamba njia ni pana na hapana shida.

Hapa ndipo ustadi unapotengana na kazi ya kuhesabu tu. Kiasi kipitacho ni rahisi kukijua, kwani kila swichi hukitangaza. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hesabu ya waliopita haimtaji aliyezuiwa. Mwangalizi mwenye ilimu huuliza kwanza ni muda gani mlango ulisimama ukiwa na mzigo wa kupeleka na bila ya idhini ya kuupeleka. Na ziko swichi ambazo huhesabu kusimama huko kwa vipande vya maikrosekunde 2.5. Kisha huangalia fremu zilizofika zimeharibika, kwani vumbi dogo katika kichwa cha uzi, au uzi uliokunjwa kupita kiasi, hutosha kuzitia kasoro. Huangalia pia masafa, maana mwanga ndani ya kioo huchukua takriban maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, na idhini hurudi kwa njia ile ile. Hivyo ghala likiwa mbali, nafasi zizidishwe, la sivyo uzi mzima utakaa bure ukingoja majibu.

Fauka ya hayo, mwangalizi huyo hadanganywi na namba zake kirahisi, kwa kuwa anaijua hila ya wastani. Mlango unaweza kujaa kabisa kwa sekunde nne na kupumzika muda wote uliobaki wa dakika tano, na wastani wa dakika tano ukasema kwamba mlango ule hauna kazi, ingawa katika sekunde nne zile watu wengi wamekaa wakizitazama simu zao bila jibu. Anajua vilevile kwamba kihesabio cha biti 32 kinachohesabu baiti hurudi sifuri baada ya kupita 4,294,967,296, na kwamba uzi wa gigabiti 1 uliojaa hukifikisha hapo kwa sekunde 34 tu. Basi mwenye kukisoma kila baada ya dakika tano hupata namba isiyo na maana, akaipamba kwa michoro, na akaitegemea.

Lakini sifa kubwa ya kazi hii, nionavyo mimi, ni uadilifu wake. Mambo yanapokwenda polepole, kila mtu humtupia mwenzake lawama: mwenye programu humlaumu mwenye diski, mwenye diski humlaumu mwenye swichi, na aghalabu anayelaumiwa zaidi ni yule ambaye mzigo wake ni mkubwa, ilhali mwenye mzigo mkubwa anayepokea upesi hamdhuru mtu, na mwenye mzigo mdogo anayepokea kwa uzito huweza kuwafunga wote. Mwangalizi hawezi kuamua baina yao kwa makelele wala kwa vyeo. Huamua kwa daftari: anaijua siku ya kawaida ilivyo, saa ya asubuhi ambapo maduka hufunguliwa, usiku ambapo nakala za akiba huchukuliwa, mwisho wa mwezi ambapo mishahara hulipwa, na kwa kuwa ameiandika siku ya salama, anaweza kuitambua siku ya dhara na kumtaja aliyeisababisha, na, lililo bora zaidi, kumwondolea tuhuma asiyekuwa na hatia.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaosoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kindu na popote katika Maniema, wasiidhanie kazi hii kuwa ni ya kukaa tu mbele ya kioo. Na waanze kuandika hesabu zao kabla ya shida kutokea, maana hesabu iliyoanzwa siku ya shida haina cha kulinganishwa nacho. Wasome milango yao kwa vipindi vifupi. Na kila siku, kabla ya kuuliza ni kiasi gani kimepita, waulize ni nani anangoja, na ni nani anayemngojesha. Atakayeyashika maswali haya mawili ameishika kazi yote.